Nilimnunulia mke wangu kanga bila kusoma jina, saivi uani kwetu hakuna anayemsalimia mwenzie

Barua ya wiki hii imetoka kwa kijana wa Makorora, Tanga mjini. Nimeiacha kama alivyoiandika mwenyewe, majina tu ndo nimeyatoa. Jibu langu lipo chini yake.

Shangazi shikamoo.

Mi ni kijana wa miaka 29, kwetu ni Singida ila nipo Tanga mwaka wa nne sasa, natengeneza mafriji na feni pale Ngamiani. Nimeoa miezi saba iliyopita, mke wangu ni mtoto wa hukuhuku, mama yake anakaa Pangani, na sisi tumepanga Makorora chumba na sebule, uani tunachangia na mama mwenye nyumba pamoja na jirani mmoja mvuvi na mkewe. Mke wangu asubuhi anauza mahamri na mbaazi za nazi barazani, jioni nikirudi nakuta maji ya kuoga yapo tayari na nguo yangu ya kubadilisha imeshafukizwa udi, yani shangazi sijawahi kujuta kuoa hata siku moja, nataka ulijue hilo kwanza kabla sijaanza kueleza.

Tatizo lilianza Alhamisi ya wiki mbili zilizopita. Kuna mteja wa Raskazone alinilipa hela ya friji lake, nkasema leo na mi nimfurahishe mwenzangu, maana toka tumeoana sijamnunulia kanga hata moja, zote alizonazo kaja nazo kutoka kwao. Nkaingia duka moja la kanga, nkasimama pale muda mrefu nachagua, mwisho nkaipenda moja nyekundu ina korosho za njano na pindo nyeusi, imekolea vizuri. Ilikuwa bado haijakatwa, doti nzima imekunjwa kunjo kwa kunjo. Yule kijana wa dukani akaniuliza "unampelekea nani?" nkamwambia mke wangu. Akanitazama, akatazama kanga, akasema haya, akanifungia kwenye gazeti. Elfu 13.

Nimefika nyumbani nkampa, akapiga kigelegele mpaka mama mwenye nyumba akauliza kutoka chumbani kwake kuna nini huko. Akaikunjua juu ya kitanda taratibu, anaipapasa, anainusa ile harufu ya upya, alafu ghafla akanyamaza. Akakaa kama dakika nzima anaitazama. Mi nkajua ni furaha imemzidi. Akasema "ahsante mume wangu, nimekuelewa." Na mi bila kujua nkamjibu nilijua tu utaelewa, nimeichagua katikati ya kanga kama arobaini, nilivyoiona nkasema hii ndo yako hii. Akaitikia "haya." Akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake, akaenda kulala.

Kesho yake Ijumaa naamka nakuta kajifunga kanga ya kijani, kanipa mgongo anachota mbaazi. Nkamwambia mke wangu hiyo imekupendeza kweli, kijani inakutoa. Hakujibu. Jumamosi kavaa ya bluu, nkamsifia na hiyo. Jumapili ya zambarau, nkamwambia hii sasa ndo imepita zote. Kumbuka siku zote hizo haongei na mimi, ni "chai hiyo," "maji hayo," basi. Maji ya kuoga bado ananiwekea lakini udi umekatika, nguo nakuta inanuka sabuni tu. Kuna mzee mmoja ananunua mahamri pale kila asubuhi, siku ile ya Jumapili kasimama anasubiri chenji, akamtazama mke wangu kwa nyuma, akanitazama na mimi, akaniambia "pole mwanangu." Mi nkajua ananipa pole ya kazi, nkamwambia ahsante mzee tushapoa.

Jumatatu jioni mama mwenye nyumba akaniita kibarazani kwake. Akaniuliza "mwanangu, mwenzio amekukosea nini mpaka ukamwambia maneno yale?" Maneno gani? Akaniuliza ile kanga uliyomletea umeisoma jina? Shangazi nakwambia ukweli wa Mungu, mi maandishi ya kwenye kanga toka niko mdogo najua yapo, ila nilikuwa nayachukulia kama yale ya kwenye gunia la mchele, kwamba ni jina la mwenye kiwanda. Kwetu mama alikuwa anabebea mtoto, anafungia mzigo wa kuni, sikumbuki kama kuna siku mtu alikaa akasoma. Basi nkaingia ndani nkafungua sanduku nkaikunjua. Imeandikwa NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Nilikaa chini. Yani mke wangu nilimkabidhi maneno hayo mkononi, alafu nkamwambia hii ndo yako.

Na zile kanga nilizokuwa nazisifia rangi, mama mwenye nyumba akanitajia moja moja. Ya Ijumaa ilikuwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Ya Jumamosi SINA SIRI NINA JIBU. Ya Jumapili MOYO WANGU SULTANI CHA MTU SIKITAMANI. Siku tatu mtu ananijibu na mi namwambia imekutoa.

Nkajaribu kumweleza mke wangu kwamba sikusoma. Akaniambia "mtu mzima, umemaliza chuo cha ufundi, maneno manne yakushinde kusoma? Na si ulisema umechagua katikati ya arobaini?" Hapo nkakosa la kusema, maana kweli nilisema.

Sasa hapa ndo nilipokosea zaidi. Nkaona kwa kuwa yeye anaongea na mimi kwa kanga, basi na mi nimjibu kwa kanga, tena safari hii nisome kabisa. Nkaenda duka lingine nkasoma nyingi sana, nkaikuta moja JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nkaona hii ndo yenyewe, kwamba japo msamaha sijapata lakini sijakata tamaa. Nkakata doti mwenyewe kwa mkasi. Usiku wa Jumatano wote wamelala nkatoka nkaianika upande mmoja kwenye kamba ya uani, nkaitandaza vizuri jina lionekane, ili asubuhi akitoka kwenda bombani aikute.

Shangazi, ile kamba inapita mbele ya mlango wa jirani.

Jirani yule ni mvuvi, anaingia baharini usiku, alfajiri anashusha samaki pale soko la samaki Deep Sea alafu ndo anarudi. Sasa asubuhi ile karudi na vibua vyake mkononi anakuta mlangoni kwake imening'inia kanga mpya inasema japo sipati tamaa sikati, na ndani mkewe kalala peke yake. Nilisikia sauti, "nani kaanika hii hapa?" Nkatoka mbio nkasema mimi kaka. Akaniuliza, "wewe? Unakosa nini wewe, na tamaa yako ipo wapi?" Nkawa nashindwa kueleza, nasema ni ya mke wangu, anasema mkeo mlango wake ni ule kule. Mke wangu katoka na unga mikononi, kasoma, kaingia ndani kafunga mlango. Mama mwenye nyumba alishika kichwa.

Toka siku ile jirani hanisalimii, mkewe hatoki uani mpaka niondoke kazini, na mke wangu hajavaa kanga yenye neno hata moja, anavaa dera tu, na hilo ndo linaniogopesha kuliko zile kanga.

Jambo moja zuri limetokea Jumamosi iliyopita. Nilienda Deep Sea nkanunua changu wawili, nkasema nimpikie samaki wa nazi apumzike. Nazi nkakuna mwenyewe, tui nkakamua, nkachukua lile zito nkalimimina lote kwanza, nkafungulia gesi mpaka mwisho ili tusichelewe kula. Likakatika, mafuta juu, maji chini, katikati vitu vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Mke wangu kaingia jikoni kafunua sufuria, akacheka. Alicheka kweli shangazi, akajiziba mdomo na mtandio, alafu akakumbuka kwamba kanuna akatoka. Lakini chakula alikula chote.

Sasa Jumapili ijayo mkwe anakuja kutoka Pangani, ndo mara ya kwanza anakuja kwetu toka tuoane. Nataka nimpe zawadi ya kanga kwa sababu naambiwa ndo heshima, lakini naogopa hata kupita mbele ya duka. Na ile ya kwanza ipo bado kwenye sanduku, niitupe, niigawe, nifanyeje? Na je niendelee kumjibu kwa kanga au niache? Nampenda sana mke wangu, sitaki mama yake aje akute nyumba iko hivi.

Mume wa Makorora

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi, ile kamba kupita mbele ya mlango wa mvuvi sikuitegemea. Mara ya pili nikaisoma nikiwa nimekaa upande wa mkeo, na hapo sikucheka.

Jiweke mahali pake. Binti wa Tanga, miezi saba ya ndoa, hajawahi kupewa kanga na mumewe, leo kapewa ya kwanza, kapiga kigelegele nyumba nzima wamesikia, kaikunjua anakuta kaitwa adhabu. Alafu mumewe anatabasamu anamwambia nilijua utaelewa. Hakupiga kelele, hakurudi Pangani, alisema ahsante akaikunja. Mi namheshimu sana huyo binti.

Huku kwetu kanga ukimpa mtu umemsemesha. Kanga ina pindo, ndo ule ukingo unaozunguka pande zote nne, ina mji ndo pale katikati penye mapambo, na ina jina, na mtu akiuliza kanga hii inaitwaje anauliza hilo jina, haulizi rangi. Mwanamke anaweza kuiacha kanga nzuri dukani kwa sababu jina lake halimfai, akachukua ya rangi isiyompendeza kwa sababu imesema lililo moyoni mwake. Kununua bila kusoma ni kumtuma mtu akakusemee maneno ambayo hata wewe huyajui.

Na si mambo ya jana. Kanga zilianza pwani hii karne ya 19, wanawake walikuwa wananunua leso zile ndogo za vitambaa, wanaunganisha sita pamoja wapate nguo moja, ndo maana wenzetu wa Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Baadae wafanyabiashara wakaanza kuzichapa nzima. Hilo jina la kanga inasemekana limetokana na yule ndege kanga mwenye madoadoa, maana za mwanzo zilikuwa na madoa hivyohivyo. Maneno yalikuja nyuma, mwanzoni yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, alafu ndo zikaja hizi za Kirumi tunazosoma sote. Huko Mombasa kuna mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak ndo anayetajwa sana kwa kuyaeneza mapema karne ya 20, kanga zake mpaka leo utaona zimeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla, na hilo sasa ndo jina la mwenye mali kama ulivyodhani wewe, ila limeandikwa dogodogo pembeni. Lile kubwa la chini ndo maneno. Kwahiyo mama zetu na bibi zetu walikuwa na njia ya kusema lile ambalo mdomo umezuiwa na haya, au na mkwe, au na mke mwenzie, bila kugombana na mtu. Ukimuuliza mbona umenisema anakwambia mi nimevaa kanga yangu tu niliyonunua dukani.

Sasa angalia na uvaaji wake. Mwanamke akijifunga kanga jina linakaa nyuma. Yeye mwenyewe halioni, analiona aliye nyuma yake. Mkeo asubuhi ile kakupa mgongo anachota mbaazi, wewe ukaona kanuna kakugeuzia mgongo, kumbe mwenzio ndo anaongea na wewe, tena ameongea na wewe siku tatu mfululizo. Na kila ulipomwambia kijani inakutoa, yeye alikuwa anasikia kwamba umesoma na hujali. Yule mzee wa mahamri alisoma mara moja tu akakupa pole. Hapo ndo palipomuuma, na hapo ndo pa kumuombea msamaha, zaidi hata ya ile kanga ya kwanza. Ukienda kuongea naye usianze na "sikusoma," hiyo ameshaisikia na umeshashindwa. Anza na zile tatu. Mtajie moja moja majina yake, mwambie hii ulinambia hivi na mi nikakusifia rangi, na hii ulinambia hivi. Ajue sasa umemsikia. Hilo la kutosoma litajieleza lenyewe, maana mtu aliyesoma asingemsifia rangi mwanamke anayemwambia kumbe siye.

Na uongee kwa mdomo. Kanga acha. Mafumbo ya kanga ni lugha ya watu waliokulia ndani yake, mtoto wa kike huku anaanza kuisikia akiwa mgongoni kwa mama yake kabebwa na kanga hiyohiyo, wewe huwezi kuingia juzi ukajibizana. Ona hiyo japo sipati tamaa sikati. Ulivyoitafsiri kichwani mwako inaeleweka kabisa, ila huku inajulikana ni ya mtu anayemtaka asiyempata. Umeianika usiku, umeitandaza jina lionekane, mbele ya mlango wa mwanamke ambaye mumewe yupo baharini. Mwanangu yule mvuvi alikuwa mpole. Alikuuliza swali, wengine wasingeuliza.

Kwa jirani usiende peke yako, na usimfuate mkewe hata kwa kumuomba radhi. Nenda na mke wako, alasiri, maana asubuhi mtu katoka baharini anataka kulala, ukimgongea saa tatu umeongeza kosa. Chukueni sukari kilo mbili na majani ya chai, usithubutu kupeleka kanga. Wewe kaa na mume, mweleze toka siku ya kwanza, toka friji la Raskazone, usiruke kitu, hata lile la gunia la mchele mwambie. Mkeo atakaa na mwenzie ndani, wao wataongea yao na hutakiwi kuyajua. Mama mwenye nyumba naye muombeni awepo, yeye ndo shahidi wako kwamba hukujua hata jina la kanga linasomwa wapi. Na hili lifanyike kabla ya Jumapili, Pangani si mbali, mkwe akishuka tu kwenye gari anaweza kukutana na mtu wa Makorora akayapata yote yakiwa yameongezwa chumvi.

Kwa mkeo najua kuna mtu atamsomea haya, kwahiyo nimsemeshe kidogo. Bibi, umeumizwa na una haki. Lakini mwenzio katoka bara, kaingia dukani na hela ya jasho lake, kasimama muda mrefu anachagua kanga ya kumpendeza mkewe, na kosa lake ni kwamba alikuwa anatazama na kukuwaza wewe badala ya kusoma. Yule kijana wa dukani ndo aliona na akanyamaza, na kama ni wa kulaumiwa na yeye anayo sehemu yake. Mwaka wa nne Tanga si kitu, na wala hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Mfundishe wewe. Hilo dera livue, mwenzio anasema linamtisha kuliko kanga zote, kwa maana amejua sasa kwamba kunyamaza kwako kumezidi.

Narudi kwako. Unaogopa, na mi nimeona dalili njema kwenye barua yako ambazo wewe umezipita haraka. Udi umekatwa lakini maji ya kuoga hayajakatwa. Kanga ya adhabu hakukurudishia, hakuichoma, hakumpa mtu, ipo kwenye sanduku lake pamoja na vitu vyake. Na alicheka jikoni. Mwanamke aliyekata shauri hacheki na sufuria lako, anafunika anaondoka. Tena akala. Changu wa tui lililokatika naujua, si chakula mtu anakula kwa njaa, alikula kwa sababu umepika wewe.

Kwahiyo pika tena, ila safari hii upike vizuri. Samaki wako mkaange kwanza kidogo au mchome, kitunguu na nyanya ziive, alafu weka tui la pili, lile jepesi, ndo limpikie samaki. Lile zito linaingia mwisho kabisa, moto umeshapunguza, na ukishalitia usiondoke, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke mara moja tu, zima. Ukilitia mwanzo na gesi umefungulia mpaka mwisho lazima likatike, na likishakatika halirudi. Lakini usijifanye umeshajua, hata kama umeshika nilivyokwambia. Muite asimame hapo karibu, mwambie nielekeze. Atakuelekeza, na mkiwa mmesimama wote wawili mnatazama sufuria ndo wakati mzuri wa kumtajia zile kanga tatu, ni rahisi kuongea mtu akiwa anakoroga kuliko mkikaa mnatazamana kitandani.

Ile ya kwanza usiitupe. Na usimgawie mtu, chondechonde, utakayempa na yeye atasoma, uanze upya na mwingine. Wala usiifanye dekio, nguo mpya ya elfu 13 kupigia deki kila siku anaiona sakafuni, hapana. Ni mali yake, muulize yeye anataka ifanywe nini. Ila mi mwenyewe ningekuwa yeye ningeipeleka kwa fundi cherehani akate ule ukanda wenye jina autoe kabisa, abakishe mji na pindo, azishonee foronya. Umesema nyekundu na korosho za njano, zitapendeza sana kitandani, na mtalalia rangi uliyomchagulia bila yale maneno. Ile ya japo sipati iachie hukohuko ndani, siku moja mkizeeka atakutania nayo. Isitoke uani tena.

Siku nyingine ukiwa na hela na unaogopa maneno kuna kanga ya kisutu, ile ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hiyo ya asili haina jina, haimsemi mtu. Lakini usijifiche kwenye kisutu maisha yote, mke wako anataka kusemeshwa.

Kwa mkwe sasa. Kanga umpe, ni heshima kweli, na mama kutoka Pangani akirudi bila upande wa kanga kutoka kwa mkwewe kuna watakaomuuliza. Ila usimkabidhi wewe kwa mkono wako, mpe mkeo ampe mama yake ndani, wewe utaitwa kushukuriwa. Jina lipo linalofaa sana, WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU. Umeliona hilo neno? Dhahabu ileile iliyokuponza. Ukisoma mpaka kwenye dhahabu tu ukaridhika unaweza ukarudi na ile ya kwanza ukamvika mama mkwe.

Ndo maana dukani usiende peke yako. Nenda naye, Alhamisi au Ijumaa, mwambie nisindikize tukamchagulie mama. Yeye atangulie, wewe shika mfuko. Akikunjua kanga akakugeukia akakuuliza hii vipi, usimtajie rangi. Lisome jina kwa sauti, lote, mpaka neno la mwisho, alafu ndo umjibu.